Umeme wa Kambini: Jinsi ya Kuchagua Inveta kwa Vifaa vya Tiba

Katika somo hili tunajibu swali ambalo tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara na waganga wa zahanati, viongozi wa vikundi na waandaaji wa kambi za afya: "Tununue inveta gani?"

Ni kweli kwamba leo nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi vya Tanzania Bara. Hata hivyo, vitongoji vya mbali, maboma ya wafugaji na maeneo ya kambi bado yana giza usiku. Timu ya huduma za mkoba inapofika huko na mahema yake, inabeba umeme wake. Kwa kawaida umeme huo ni betri na inveta.

Sisi nasi tulikuwa tukiuliza swali hilohilo, tena tuliliuliza dukani. Muuzaji alitujibu kwa kutuonyesha boksi lenye namba kubwa zaidi. Siku hizi tunaanza na swali lingine: ni mgonjwa gani atategemea mashine ipi, na kwa saa ngapi? Ukishajibu hilo, inveta, betri na nyaya hujichagua zenyewe kwa hesabu. Somo hili tulilipata kwa njia ngumu, na tungependa wengine walipate kwa njia nyepesi.

Usiku tuliofundishwa

Ilikuwa kambi ya siku tatu katika nyika za Simanjiro, mkoani Manyara. Tulikuwa na mahema matatu, gari moja, kompyuta, hadubini, nebulaiza na mashine ya kuzalisha oksijeni tuliyokuwa tumepewa msaada mwaka uleule. Tulikuwa na betri mbili za gari na inveta iliyoandikwa wati 1500.

Usiku wa pili, kama saa nne, bibi mmoja alifika na mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa akipumua haraka na mbavu zikibonyea ndani. Oksimita ya kidole ilionyesha asilimia 86. Tabibu wetu alisema ni nimonia kali. Alianza dawa na kuagiza mtoto apewe oksijeni, kisha apelekwe hospitali. Lakini mvua ilikuwa imenyesha milimani na korongo lililo njiani lilikuwa limejaa maji. Ilibidi tusubiri.

Tukawasha mashine. Inveta ililia, ikazima. Tukarudia, ikazima tena. Mara ya tatu mashine ilishika, ikaanza kuunguruma kwa sauti nzito kuliko kawaida. Oksimita ilipanda hadi 94, na kila mmoja wetu akashusha pumzi.

Baada ya dakika 50 inveta ilianza kulia tena, kisha kila kitu kikazimika. Kimya kile hatutakisahau. Bibi alimgeukia fundi wetu, akamwuliza, "Baba, mbona imenyamaza?" Fundi akajibu, "Umeme umetuishia, bibi."

Fundi hakukaa. Alilisogeza gari karibu na hema, ekzosi ikielekea upande unakokwenda upepo, akaifungua inveta kwenye zile betri mbili na kuifunga kwenye betri ya gari, injini ikiwaka. Mashine ikawaka mara moja. Tulikaa hivyo hadi saa tisa usiku maji yalipopungua. Kisha tuliipakia mashine nyuma ya gari, bibi akampakata mjukuu wake, tukavuka korongo taratibu hadi hospitali. Mtoto alipona, akarudi nyumbani baada ya siku sita.

Tulishukuru, lakini hatukujisifu. Stoo ya ofisi yetu ilikuwa na mtungi wa oksijeni wa lita 680, umejaa. Tuliuacha siku ya kupakia kwa sababu mmoja wetu alisema, na sote tukakubali, "Sasa tuna mashine, mtungi wa nini?"

Makosa yetu manne

Tuliporudi tulikaa na fundi kufanya tathmini. Tuligundua kwamba mashine haikuwa na kosa lolote. Makosa yote yalikuwa yetu:

1. Inveta iliandikwa wati 1500 juu ya boksi, lakini ndani ya kijitabu chake uwezo wa kufanya kazi mfululizo ulikuwa wati 750. Ile 1500 ilikuwa ya muda mfupi tu.
2. Ilikuwa inveta ya wimbi la ngazi, ambayo haifai kwa mashine ya aina ile. Ndiyo maana iliunguruma vibaya.
3. Betri zilikuwa za gari, zimezeeka, na zilikuwa zimewasha taa na kompyuta tangu asubuhi.
4. Nyaya kati ya betri na inveta zilikuwa nyembamba na zenye urefu wa mita tatu.

Kila kosa kati ya haya lingeweza kuonekana ofisini kwa kalamu na karatasi. Hebu sasa tufuate hatua moja baada ya nyingine.

Inveta hufanya nini?

Betri hutoa umeme wa volti 12 unaokwenda upande mmoja. Vifaa vingi vya hospitali huhitaji umeme kama ule wa ukutani, yaani volti 230 unaobadili mwelekeo mara kwa mara. Inveta hubadili ule wa kwanza kuwa huu wa pili. Ni hivyo tu.

Inveta haitengenezi umeme. Fikiria pipa la maji lenye bomba. Betri ni pipa, na inveta ni bomba. Ukinunua bomba kubwa, maji hayaongezeki. Yatatoka kwa wingi na pipa litakauka mapema. Wengi wetu hutumia fedha zote kwenye bomba na kusahau pipa.

Kumbuka pia kwamba inveta yenyewe hula umeme. Inveta nzuri hufikisha asilimia 85 hadi 90 ya umeme uliotoka kwenye betri. Unaobaki hugeuka joto. Hata ikiwa haijachomekwa kitu, inaendelea kula wati kadhaa. Ukimaliza kazi, izime kwenye swichi yake.

Hatua ya kwanza: Soma kibandiko cha mashine

Kila mashine ina kibandiko nyuma au chini. Andika mambo matatu: volti, hezi na wati. Ikiwa wati hazikuandikwa bali ampia, zidisha volti kwa ampia. Mfano: volti 230 mara ampia 0.65 ni karibu wati 150.

Kuwa mwangalifu na vifaa vya msaada. Umeme wetu Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni vya volti 120 na hezi 60. Ukikichomeka kifaa cha volti 120 kwenye volti 230, kinaungua palepale. Transfoma itashusha volti, lakini haiwezi kubadili hezi. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikipewa hezi 50 huzunguka polepole zaidi, na mashine ya oksijeni inaweza kutoa oksijeni pungufu huku taa yake ikiwaka vizuri. Kuna inveta zinazotoa volti 120 na hezi 60, na hizo zaweza kufaa kwa kifaa cha namba hizo. Lakini inveta hiyo iandikwe kwa rangi nyekundu, isije ikachomekwa vifaa vingine.

Vifaa vingine, kama kompyuta, huwa na chaja inayokubali kuanzia volti 100 hadi 240, hezi 50 au 60. Hivyo havina tabu.

Hatua ya pili: Hesabu matumizi ya siku nzima

Wati hukuambia mashine inavuta kwa nguvu kiasi gani. Wati zikizidishwa kwa saa hukuambia itakunywa kiasi gani cha pipa. Chukua mfano wa kambi isiyo na mashine ya oksijeni:

- Nebulaiza ya wati 150, wagonjwa sita kwa dakika 10 kila mmoja, yaani saa 1: wati-saa 150
- Hadubini ya taa ya LED, wati 5 kwa saa 6: wati-saa 30
- Kompyuta, wati 60 kwa saa 4: wati-saa 240
- Mashine ndogo ya ultrasaundi, wati 60 kwa saa 3: wati-saa 180
- Taa nne za LED, jumla wati 20, kwa saa 5: wati-saa 100

Jumla ni wati-saa 700. Sasa gawanya kwa 0.85 kwa sababu ya hasara ya inveta. Utapata karibu 824. Gawanya kwa volti 12 upate ampia-saa, kipimo kinachoandikwa kwenye betri. Jibu ni karibu 69.

Je, betri ya ampia-saa 70 inatosha? Hapana. Betri ya risasi, hata ile iliyotengenezwa kwa ajili ya sola, isitumike zaidi ya nusu ya uwezo wake kama unataka idumu. Kwa hiyo zidisha kwa mbili: 138. Hapa tunahitaji betri mbili za sola za ampia-saa 100, za aina moja na umri mmoja, zilizofungwa sambamba ili volti zibaki 12. Betri za lithiamu za aina inayotumika kwenye sola zinaweza kutumika hadi asilimia 80 na ni nyepesi zaidi, lakini zinahitaji chaja yake maalumu.

Kama kambi ni ya siku zaidi ya moja, lazima pipa lijazwe kila siku. Paneli ya wati 250 ikipata saa 5 za jua kali, ukitoa asilimia 30 kwa ajili ya hasara, hutoa karibu wati-saa 875. Inatosha kurudisha zile 824. Siku ya mawingu haitatosha, na ni lazima ujue mapema utakachozima.

Hatua ya tatu: Mashine ya oksijeni ihesabiwe peke yake

Mashine ya kuzalisha oksijeni yenye uwezo wa lita 5 kwa dakika huvuta takribani wati 350. Ukipunguza kiasi cha oksijeni anachopewa mtoto, mashine ya kawaida ya aina hii haipunguzi sana umeme inaovuta, kwa sababu kompresa yake inaendelea kuzunguka vilevile.

Tuhesabu usiku mmoja wa saa 10. Wati 350 mara saa 10 ni wati-saa 3500. Gawanya kwa 0.85: karibu 4118. Gawanya kwa 12: ampia-saa 343. Zidisha kwa mbili: 686. Hizo ni betri saba za ampia-saa 100, na kila moja ina uzito wa kati ya kilo 25 na 30!

Tulipoiona hesabu hii kwenye karatasi tulinyamaza. Betri zetu mbili zilizochoka zisingeweza kamwe kumfikisha mtoto yule asubuhi, hata kama tungekuwa na inveta bora kuliko zote dukani.

Sasa linganisha na ule mtungi wa lita 680. Mtoto anayepewa lita 1 kwa dakika hutumia lita 60 kwa saa. Mtungi ungemtosha kwa zaidi ya saa 11, bila betri wala kelele. Wahenga walisema akiba haiozi. Sisi tuliiacha akiba yetu stoo.

Ushauri wetu ni huu: kambini, mashine ya oksijeni iendeshwe na jenereta au na injini ya gari. Betri na inveta ziwe za kuvushia muda mfupi, kwa mfano wakati jenereta inapojazwa mafuta. Na mtungi uwepo wakati wote.

Hatua ya nne: Sasa chagua inveta

Ukiwa na karatasi yako mkononi, nenda dukani ukiangalia mambo haya:

*Aina ya wimbi.* Umeme wa ukutani hupanda na kushuka taratibu kama wimbi la ziwani. Inveta za bei nafuu hutoa umeme unaopanda na kushuka kwa ngazi. Taa na baadhi ya chaja huvumilia. Mota na kompresa hupata joto na kuunguruma, na vifaa vyenye vipimo vya kielektroniki vinaweza kutoa majibu yasiyo sahihi au kuharibika. Kwa vifaa vya tiba nunua inveta ya wimbi safi. Kwenye boksi tafuta neno "pure". Ukiona neno "modified", hiyo ni ya ngazi. Iache kwa ajili ya taa. Rahisi ghali.

*Wati za mfululizo.* Boksi huwa na namba mbili. Neno "continuous" ni uwezo wa kufanya kazi mfululizo, na neno "peak" au "surge" ni uwezo wa muda mfupi sana. Nunua kwa namba ya kwanza. Jumlisha wati za vifaa vitakavyowaka pamoja, kisha ongeza robo. Katika mfano wetu vifaa vyote vikiwaka kwa pamoja ni wati 295. Ukiongeza robo ni karibu 370.

*Nguvu ya kuanzia.* Kila chenye mota huvuta mara kadhaa ya wati zake wakati wa kuanza, kama mtu anayesukuma mkokoteni uliosimama. Nebulaiza ya wati 150 yaweza kuvuta 450 kwa kitambo kidogo. Ukijumlisha na vifaa vingine vya wati 145 unafika karibu 600. Kwa hiyo inveta ya wimbi safi ya wati 600 za mfululizo inatosha kwa kambi ile. Kwa mashine ya oksijeni usishuke chini ya wati 1000 za mfululizo, na 1500 ni salama zaidi.

*Volti za kuingilia.* Magari mengi madogo yana umeme wa volti 12, lakini malori na baadhi ya magari ya dizeli yana volti 24. Inveta ya volti 12 ikifungwa kwenye volti 24 inaharibika. Uliza dereva, kisha mwombe fundi apime kwa mita.

*Kinga.* Inveta iwe na king'ora cha betri kupungua, izime yenyewe ikizidiwa na joto au mzigo, na iwe na feni inayofanya kazi. Usinunue kubwa kupita kiasi. Inveta ya wati 3000 inayowasha taa nne inakula betri bure.

Nyaya na fyuzi

Sehemu hii hudharauliwa sana, na ndiyo iliyotuzimia mashine mara mbili za mwanzo. Kwenye volti 12 ampia huwa nyingi. Njia rahisi ya kukadiria: gawanya wati kwa 10. Mashine ya wati 350 huvuta karibu ampia 35 kutoka kwenye betri. Waya wa milimita za mraba 4 wenye urefu wa mita 3, ukihesabu kwenda na kurudi, hupoteza karibu volti 1 kwa ampia hizo. Wakati wa kuanza, ampia zinapokuwa mara tatu, hupotea karibu volti 3. Betri inaonyesha volti 12, lakini inveta inapata 9, nayo inajizima ikidhani betri imekwisha. Injini ilipowashwa usiku ule, betri ya gari ilipata karibu volti 14, ndiyo maana mashine ilikubali.

Dawa yake ni nyaya nene na fupi. Waya wa milimita za mraba 25 wenye urefu wa mita 1 hupoteza kiasi kidogo mno, karibu volti 0.05 kwa ampia 35. Ukitaka kuifikisha mashine mbali, weka inveta karibu na betri na urefushe waya wa upande wa volti 230.

Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Inveta ya wati 1000 huvuta hadi karibu ampia 100, hivyo fyuzi na waya viendane na kiasi hicho. Usitumie tundu la kuwashia sigara kwenye gari kwa vifaa vya tiba. Fyuzi yake kwa kawaida ni ya ampia 10 hadi 20, nayo haiwezi kuhimili zaidi ya wati 150 hivi kwa usalama.

Usalama kwa wote hemani

- Jenereta na gari linalowaka vikae nje, mbali na hema, na moshi uelekee upande unakokwenda upepo. Hewa ya sumu iliyo kwenye moshi haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.
- Penye oksijeni pasiwe na kibatari, mshumaa, jiko wala sigara. Weka angalau mita tatu.
- Betri za maji hutoa hewa inayoweza kulipuka zinapochajiwa. Ziweke penye hewa, na usisababishe cheche.
- Funga nyekundu kwa chanya na nyeusi kwa hasi. Ukigeuza, inveta inaweza kufa hapohapo.
- Usiifunike inveta kwa nguo wala kuiweka juani au kwenye matope.
- Volti 230 za inveta huua sawa na zile za TANESCO. Usiziunganishe kamwe na nyaya za jengo bila fundi umeme.

Jaribio la usiku mzima

Tulikuwa tumeijaribu mashine yetu ofisini kwa dakika kumi, ikawaka, tukapiga makofi. Jaribio la dakika kumi linathibitisha tu kwamba plagi inaingia kwenye soketi.

Siku hizi, wiki moja kabla ya kambi, tunafunga kila kitu uani kama kitakavyofungwa kambini, kwa nyaya zilezile na betri zilezile. Tunawasha kwa saa zote tulizoandika. Kila saa mmoja wetu anapima volti za betri na kushika nyaya kwa nyuma ya mkono. Waya wenye joto ni mwembamba mno au umefungwa vibaya. Betri nzuri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.7, ikisoma 12.2 baada ya kupumzika, imefika nusu, na hapo ndipo pa kusimama. Kambi ikiisha, betri zichajiwe siku hiyohiyo. Betri ya risasi ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa haiwi tena ile uliyoinunua.

Kwa kila mashine, njia isiyotumia umeme

Hata ukifuata yote haya, umeme unaweza kukatika. Kwa hiyo kwenye orodha yetu ya kupakia, kila mashine sasa ina mwenzake asiyehitaji waya:

- Mashine ya oksijeni: mtungi uliojaa, pamoja na mita yake ya kupimia mtiririko na mirija ya puani ya watoto na watu wazima.
- Nebulaiza: dawa ya pumu ya kupuliza pamoja na spesa. Watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha mwaka 1999 matokeo yaliyoonyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa vizuri, hufanya kazi kwa watoto wenye pumu sawa na spesa ya kununua.
- Mashine ya kufyonza makohozi: pampu ya kukanyaga kwa mguu.
- Friji ya chanjo: usiitegemeze kwenye inveta hata kidogo. Tumia kasha la baridi lenye vipande vya barafu vilivyoandaliwa, na kipimajoto kibaki kati ya nyuzi 2 na 8.

Hesabu hizi zinamfaa pia mzazi anayempeleka mtoto mwenye pumu kwenye kambi ya vijana, au mzee anayelala na mashine ya kumsaidia kupumua. Kama mashine hiyo ina waya wake maalumu wa volti 12, uliotengenezwa na kiwanda chake, tumia huo moja kwa moja kwenye betri. Utaokoa ile hasara ya inveta.

Wapendwa, bibi yule hakutuuliza inveta yetu ni ya wati ngapi. Aliuliza kwa nini imenyamaza. Safari ijayo tunataka tuwe tumelijibu swali lake kabla ya kupakia gari.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taja vifaa vyote vya tiba mnavyobeba kambini. Ni kipi ambacho kikizimika ghafla, maisha ya mgonjwa yatakuwa hatarini?
2. Someni vibandiko vya vifaa hivyo. Je, kuna chochote cha volti 120 au hezi 60?
3. Fanyeni hesabu ya siku nzima kama mfano wetu. Je, betri mlizo nazo zinatosha?
4. Ni nani katika timu yenu anayejua kupima betri na kubadili fyuzi? Asipokuwepo, nani atafanya?
5. Kwa kila mashine, mna njia gani isiyotumia umeme? Ipo kwenye gari, au imebaki stoo?